Lenzi ya usiku kwa renjifainda: Nokton Classic 35mm f/1.4 II inatosha kwa Dar

Usiku wa Dar hauna giza la aina moja. Kwenye jiko la mishikaki kuna balbu ya LED inaning'inia juu ya kichwa cha mchomaji, na hatua nne pembeni mteja amekaa kwenye benchi, uso hauonekani. Mchomaji unampata vizuri kwa filamu ya ISO 400, tundu la lenzi la f/1.4 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi), shata ya 1/60. Mteja wa benchini, kwa mpangilio huohuo, anatoka kivuli. Hapo ndipo wengi wanaanza kuisaka lenzi ya f/1.2, na hapo ndipo pesa nyingi zinateketea bure. Kutoka f/2 kwenda f/1.4 unapata mwanga mara mbili. Kutoka f/1.4 kwenda f/1.2 hufikishi hata nusu stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili), na mteja wa benchini anabaki gizani vilevile.

Kwa mwenye renjifainda, yaani kamera unayoifokasi kwa kidirisha cha pembeni badala ya kupitia lenzi, yenye mlango wa lenzi wa Leica M, iwe Leica yenyewe, Bessa au Zeiss Ikon, tunashauri aanze na Voigtländer Nokton Classic 35mm f/1.4 toleo la pili, ya MC (yenye tabaka nyingi za kukinga mwako). Si lenzi kali kuliko zote. Ila ndiyo inayokupa picha nyingi zilizokaa kwenye fokasi kwa usiku mmoja, na kwenye giza hicho ndicho kipimo cha kwanza.

Tazama hesabu. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, 35mm kwenye f/1.4 inakupa eneo kali la kama sentimita 15, kutoka mbele hadi nyuma. 50mm, inayovuta karibu zaidi, kwenye f/1.4 inakupa sentimita 7 tu. 50mm kwenye f/1.2, sentimita 6. Mkaanga chipsi mayai akiinama kugeuza kikaango, kichwa chake kinasogea zaidi ya hapo kabla hujabonyeza. Kwa 35mm bado macho yake yamo ndani. Kwa 50mm unapata sikio.

Halafu kuna kamera yenyewe. Renjifainda inapima umbali kwa madirisha mawili, na usahihi wake unategemea nafasi kati ya madirisha hayo ukizidisha kwa ukuzaji wa kidirisha unachochungulia. Leica M ya ukuzaji wa 0.72 ina nafasi ya karibu milimita 69, kwa hiyo kipimo chake cha usahihi ni kama milimita 50; namba ikiwa kubwa, usahihi ni mkubwa. Bessa R2A ina milimita 37 kwa ukuzaji wa 0.7, unabaki na 26 tu. R3A, kwa kuwa inakuza 1 kwa 1, inakupa 37 zote. Maana yake, mwenye R2A akifunga 50mm f/1.2 na kupiga kwa umbali wa mita moja anabahatisha, hata kama macho yake ni mazima na kamera haijawahi kudondoka. 35mm f/1.4 haimpi shida hiyo.

Sasa lenzi. Ni ndogo mno kwa f/1.4: chini ya gramu 200, filta za milimita 43, haizibi kidirisha kama zinavyofanya zile nene za f/1.2, ambazo hula kona ya chini kulia, na ukiongeza kofia ya kukinga mwanga wa pembeni zinakula zaidi. Chini yake kuna kidole cha kufokasi. Kidole hicho ni msaada mkubwa gizani: ukishazoea kinakoelekea, unajua umbali kabla hujainua kamera usoni. Inafokasi hadi mita 0.7.

Kasoro zake tuziseme wazi. Mistari iliyonyooka inapinda kuelekea nje, kwa hiyo ukipiga fremu za milango ya maduka Kariakoo au mabati ya kibanda ukiwa umeyaelekea moja kwa moja, mpindo utauona. Kwenye f/1.4 picha ina wepesi fulani wa kung'aa, na balbu zilizo kwenye kona za picha zinatoka na mabawa kama ndege mdogo. Ukifika f/2.8 sehemu kubwa ya mng'ao na mabawa hayo inaisha, ila usiku nani anafika f/2.8? Anayechukia mabawa hayo akanunue Nokton 35mm f/1.2 Aspherical III, akubali uzito wa zaidi ya gramu 300.

MC au SC? SC ina tabaka moja tu la kukinga mwako, na inapendwa kwa rangi zake laini za mchana. Usiku wetu umejaa balbu uchi zilizo ndani ya fremu kabisa. Chukua MC. Na vua filta ya UV jua likizama: filta ya bei rahisi inarudisha taswira ya balbu, unaikuta imegeuka juu chini upande wa pili wa picha, na hakuna namna nzuri ya kuifuta.

Tatizo linalohitaji uangalifu zaidi ni fokasi kuhama. Lenzi ikiwa wazi kabisa, mwanga unaopita pembezoni mwa vioo na ule unaopita katikati havikutani sehemu moja. Ukibana tundu, ule wa pembezoni unakatwa, na fokasi inasogea. Kwenye Nokton hii inasogea nyuma ya ulipolenga, hasa kati ya f/2 na f/4. Toleo la kwanza la mwaka 2008 linasumbua waziwazi. Toleo la pili limepunguza hali hiyo, halijaimaliza. Renjifainda haikuonyeshi kosa hili, kwa sababu kidirisha hakipiti kwenye lenzi. Unaligundua picha ikishasafishwa.

Kwa hiyo ipime kabla hujatoa hela. Panga chupa tano za soda mezani kwa mstari wa mshazari, kila moja sentimita 5 nyuma ya mwenzake. Weka kamera kwenye tripodi, mita moja kutoka chupa ya katikati. Fokasi kwenye maandishi ya chupa hiyo, kisha piga f/1.4, f/2, f/2.8 na f/4 bila kugusa kidole cha kufokasi. Kama huna kamera ya dijitali ya mlango huo, tumia filamu na uandike namba ya kila picha. Chupa ya katikati ikiwa kali kwenye f/1.4 na ya nyuma yake ikaanza kushinda kwenye f/2.8, hiyo ndiyo tabia ya lenzi. Ikikosea kuanzia f/1.4, basi lenzi au kamera inahitaji fundi. Kuitenga kamera, nenda ufukweni upande wa Barabara ya Barack Obama, lenga meli iliyotia nanga mbali na uzungushe lenzi hadi mwisho: taswira mbili za mlingoti lazima ziwe moja. Rudia na lenzi nyingine. Zikikosea zote kwa namna ileile, kosa ni la kamera.

Mwenye toleo la kwanza asiitupe. Piga f/1.4, au ruka hadi f/5.6. Ukilazimika kutumia f/2.8, fokasi kwenye jicho kisha vuta mwili nyuma kidogo sana.

Zeiss C Sonnar 50mm f/1.5 nayo inahama, na zile za mwanzo zilirekebishwa kwa f/2.8, kwa hiyo wazi kabisa zinafokasi mbele ya ulipolenga. Muulize muuzaji yake imerekebishwa kwa ngapi. Nokton Classic 40mm f/1.4 ni nzuri, ila kwenye kidirisha cha Leica M inaleta mistari ya fremu ya 50mm, na inabidi ukumbuke kwamba picha ni pana kuliko unachokiona. Jupiter-3 ya Kisovieti inavutia kwa bei, lakini vipimo vyake vilifuata kamera za Contax, na kwenye Leica mara nyingi inakosea ukiwa karibu, tundu likiwa wazi. Hiyo inataka fundi anayeijua.

Ya mtumba, imulike kwa tochi ya simu kutokea nyuma, tundu likiwa wazi, ukiangalia kutoka mbele. Fangasi anaonekana kama nyuzi za buibui zinazoanzia ukingoni. Ukungu unaonekana kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na Canon 50mm f/1.2 za zamani zina sifa hiyo sana. Vumbi kidogo si neno. Fangasi aliyekwisha kula tabaka la kioo hasafishiki akaacha kioo salama.

Mji wetu unamlea fangasi, hasa miezi ya masika. Usihifadhi lenzi kwenye mfuko wa ngozi. Weka kwenye boksi la plastiki linaloziba vizuri, na silika jeli ya gramu 200 na kipima unyevu kidogo, ukilenga asilimia 40 hadi 50. Na ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda mtaani usiku, acha lenzi ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa. Kioo chenye nyuzijoto 20 kikikutana na hewa ya Dar kinatoa jasho papo hapo, na kulifuta kwa shati ndiko kunakoleta mikwaruzo. Silika jeli ya bluu ikigeuka waridi imeshiba: itandaze kwenye trei, oveni nyuzijoto 110, saa moja na nusu au mbili, hadi bluu irudi. Iache ipoe kwenye chombo kilichofunikwa kabla ya kuirudisha kwenye boksi.