Ukanda wa mpira unaovimba: uzoefu wangu na tangi la ardhini, Nakuru

Nilitumia ukanda wa mpira wenye chumvi, unaovimba ukilowa na kubana nafasi, upana milimita 20 na unene milimita 10, kuziba kiungo cha sakafu na ukuta wa tangi la ardhini. Kwa maji ya mvua na ya mfereji nimeridhika nao. Kwa maji yenye magadi, kama yale ya kando ya Ziwa Nakuru, siupendekezi hata kidogo.

Sababu iko kwenye chumvi. Mpira wenyewe hauyapendi maji. Yanapenya polepole sana, yanafikia punje za chumvi zilizosambaa ndani na kuziyeyusha. Chumvi haipiti kwenye mpira kirahisi, kwa hiyo kila punje inageuka kifuko cha maji yenye chumvi kali kinachovuta maji mengine. Uvimbe unakoma pale mpira unapokataa kutanuka zaidi. Maji ya nje yakiwa tayari yana chumvi au magadi, mvuto huo unapungua, na kiungo kinaweza kubaki wazi.

Kabla ya kununua roli nzima, omba kipande cha sentimita 20, kikate vinne. Pima kila kimoja kwa mizani ya gramu yenye desimali. Kimoja weka kwenye maji ya mvua, cha pili kwenye maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, cha tatu kwenye maji na spiriti nusu kwa nusu, cha nne kwenye mafuta taa. Pangusa na upime kila siku mbili, wiki nne mfululizo. Gramu 10 zikifika 20, uvimbe ni asilimia 100. Usihukumu kwa usiku mmoja: huo unaonyesha ngozi ya juu tu.

Kwangu cha maji ya mvua kilishinda kile cha maji ya chumvi kwa mbali. Cha spiriti nacho kilibaki nyuma, maana chumvi haiyeyuki vizuri kwenye spiriti. Cha mafuta taa kilivimba na kulegea, lakini hapo chumvi haina kazi: mafuta yanaingia kwenye mpira wenyewe. Kwa hiyo usiuweke karibu na tangi la dizeli.

Halafu chemsha yale maji ya mvua mpaka yakauke. Mabaki meupe ni chumvi iliyovuja. Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: tangi linalokauka na kujazwa mara kwa mara linaupotezea ukanda chumvi, na baada ya miaka hautavimba kama mwanzo. 

Wakati wa kufunga, sugua zege ya sakafu kwa brashi ya waya, ondoa vumbi, gundisha pakiwa pakavu, kisha pigilia msumari wa zege kila sentimita 25. Ncha zilaliane ubavu kwa ubavu sentimita 5. Acha zege isiyopungua sentimita 8 kila upande wa ukanda, la sivyo uvimbe utapasua ukuta. Mvua za Aprili zikiulowesha kabla ya kumwaga zege, ung'oe uweke mwingine. Uliokwisha kuvimba hauna tena nguvu ya kubana.