Denon AVR-X2700H sebuleni kwangu: besi imenyooka, ila kuna shimo

Karibuni tena wadau, niko nyumbani Chuno, Mtwara. Leo nina hii risiva ya Denon, yaani amplifaya ya spika za sebuleni, AVR-X2700H, ya mwaka 2020. Chaneli saba, HDMI, bluetuthi, hayo mnayajua, tuyaache. Mimi nimekuja kwa ajili ya hiki kimaiki chake kidogo cha kupimia chumba.

Wengi mnaniandikia: "Kaka, sabufa yangu inavuma, nibadilishe spika?" Ngoja kwanza, angalia sebule yako. Kuta za tofali za saruji, vigae chini, madirisha ya aluminiamu. Sauti inagonga, inarudi, inagonga tena.

Nifuateni na kamera. Kutoka ukuta wa tivii hadi ukuta wa nyuma ni mita 4. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde; gawa kwa mita 8, yaani kwenda na kurudi, unapata hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde. Chumba hiki kinaupenda mlio huo mno. Sasa waya mnene wa gita la besi, ukipigwa bila kubanwa, ni hezi 41. Mmeona balaa lilipo? Naupiga. Vaeni hedifoni, spika ya simu haifiki huko chini. Niko ukutani: kifua kinatetemeka, glasi kabatini zinalia. Natembea... hatua moja... mbili... hapa katikati, umepotea! Sijagusa rimoti. Narudi ukutani: huoo, umerudi.

Ndipo inapoingia Audyssey MultEQ XT, mfumo wa ndani ya risiva unaopima chumba na kurekebisha sauti. Maiki inakaa usawa wa masikio, risiva inapiga milio kwa kila spika, unahamisha, mpaka sehemu 8. Inataka kimya kabisa. Mchana nilishindwa: bodaboda, jogoo, watoto. Feni nayo lazima izimwe, na joto letu mnalijua. Nikaamka saa tisa usiku, maiki juu ya stendi ya kamera, siyo mkononi, nikapima huku jasho linatiririka.

Sikilizeni taarabu hii kutoka kochi la nyuma. Bila marekebisho: besi inameza hadi ngoma. Nawasha. Mmesikia? Kila noti inaanza, inakatika, inapisha nyingine. Nazima... nawasha. Jamani! Spika ni zilezile.

Ila kiti cha mama kipo katikati, na pale hakuna kilichobadilika. Penye uvimbe, yaani besi iliyozidi, mashine inakata, lakini pale kwa mama ni shimo, mawimbi yanauana yenyewe. Ukilazimisha kuongeza unaichosha amplifaya, na spika unaweza kuiunguza. Nikasogeza kiti nusu mita nyuma. Besi ikarudi! Kwa hiyo nilivyosema mwanzoni kuhusu spika, naongeza: kabla hata ya kununua risiva, hamisha viti.

Kuna aplikesheni yake, MultEQ Editor, dola 20 hivi. Nilisita, nikalipa, na sijutii: unachagua marekebisho yaishie wapi. Mimi nimeishia hezi 300, juu ya hapo naipenda sauti ya spika zangu ilivyo. Najua mtaniuliza kuhusu Dirac Live, mfumo kama huu wa Wasweden. Ni nzuri, lakini kwenye risiva hii haipo. Yamaha wana mfumo wao, YPAO, nikipata moja ya kuazima nitazilinganisha hapahapa sebuleni. Mwenye kompyuta ashushe REW, programu ya kupima sauti ya chumba, ni ya bure, atafute tu maiki ya kupimia.

Mkinunua iliyotumika, ulizeni maiki kabla ya kutoa hela. Wauzaji wengi wanakupa risiva na rimoti tu, maiki ilishapotea zamani, na bila maiki utalipia Audyssey usiyoweza kuitumia.

Ambaye hajajiunga na chaneli ajiunge, abonyeze na kengele, maana wiki ijayo nakwenda Lindi kwa mdau mmoja ambaye sebule yake ni mraba, mita 4 kwa mita 4. Hapo hezi 43 inajirundika urefu na upana kwa pamoja. Nakwenda na maiki, na huyo mdau nimeshamwambia avue mapambo yote ya ukutani yanayolia.