Koleti za ER32 kwenye mashine ndogo ya kukereza chuma

Chaki ya taya tatu (kibano kinachoshika chuma kikizungushwa) inayokuja na mashine ndogo ya kukereza hubana haraka, lakini hata ikiwa mpya ni kawaida kupotoka kwa milimita 0.05 hadi 0.1, na shafti ikishatolewa na kurudishwa haizunguki tena pale ilipokuwa. Kwa kazi ya namna hiyo, ya kutoa na kurudisha, chaki ya koleti (vibano vya mviringo vyenye mipasuo, vinavyobana chuma pande zote) za ER32, saizi moja ya mfumo wa ER, inastahili bei yake.

Mfumo wa ER ulitoka kwa kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi mwaka 1973, ukilenga kushika vikataji na wala si kazi inayokerezwa. Kila koleti hujifunga kwa milimita 1, hivyo vipande 18, kuanzia cha milimita 3 hadi cha 20, hubana kipenyo chochote cha kati ya milimita 2 na 20. Koleti za 5C, ambazo ni mfumo mwingine, hufika kipenyo cha takriban milimita 28 na zipo za pembe sita na za mraba, ila kila moja hutaka chuma kinacholingana nayo karibu kabisa.

Asili hiyo ya kushika vikataji ndiyo udhaifu wake. Koleti ya ER hujifunga kwa ncha zote mbili, kwa hiyo ukiibana kwenye kipande kifupi, tuseme bushi nyembamba, hukaa upande na usahihi uliolipia hupotea. Vilevile, koleti hupachikwa kwanza ndani ya nati mpaka ilie kwa kunasa, ndipo nati ifungwe kwenye chaki. Anayefanya kinyume huiharibu, na nati ikilegezwa haiwezi kuivuta itoke.

Chagua chaki inayofungwa kwa boliti kwenye flanji ya mashine (bamba lililo mbele ya spindo, mhimili unaozunguka). Ile ya mkia wa Morse namba 3 (mkia uliochongoka unaoingia ndani ya spindo) ni rahisi, lakini mkia na fimbo inayouvuta huziba tundu la spindo, na chuma kirefu hakipiti. Sioni sababu ya kuinunua kwa kukerezea.

Hata hivyo, mwenye fedha ya kifaa kimoja tu anunue chaki ya taya nne zinazosogezwa moja moja. Hubana mraba na vyuma vilivyomiminwa kwenye kalibu visivyo na umbo la kawaida, na kwa geji ya saa (kipimo cha mshale kinachoonyesha kupotoka) na subira hurekebishwa hadi milimita 0.01. Koleti zinaweza kufuata kidogo kidogo, zikianza za milimita 6, 8, 10 na 12.