AMD inauza au haiuzi? Kadi za grafiki, daraja kwa daraja

Haya wakuu, karibuni tena. Hapa mezani nina kadi mbili na nitazifikia, ila kwanza tumalize ule ubishi wa kila siku kuhusu Nvidia na AMD, kampuni mbili kubwa za kadi za grafiki. Kuna kambi inasema Nvidia imeshika zaidi ya asilimia 90 ya soko, mchezo umekwisha, AMD wafungashe virago. Kambi nyingine inaleta takwimu za Mindfactory, lile duka la mtandaoni la Ujerumani, ambako zimekuwapo wiki nyingi AMD ikiuza kadi nyingi kuliko Nvidia. Kila mmoja anamwita mwenzake mwongo, na wote wawili wamesema kweli.

Hiyo asilimia 90 na ushee inatoka kwa Jon Peddie Research, kampuni ya utafiti wa soko. Robo ya kwanza ya 2025 waliipa Nvidia asilimia 92 na AMD 8. Robo ya pili ikawa 94 kwa 6. Sasa sikilizeni wanachohesabu: kadi zilizotoka kwa watengenezaji kwenda kwa wasambazaji na kwa makampuni yanayounda kompyuta. Siyo kadi ulizonunua wewe. Kadi inaweza kuwa bado imelala ghalani na tayari imeshahesabiwa. Laptopu hazimo. PlayStation 5 na Xbox hazimo pia, na humo ndani grafiki ni ya AMD.

Mindfactory nao wanahesabu kitu kingine kabisa: mtu anayejua anachotaka, anayenunua kadi peke yake, anakwenda kuichomeka mwenyewe. Huyo ni mnunuzi halisi, lakini ni wachache wa aina yake. Halafu kuna utafiti wa Steam, lile duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, ambao kila mwezi huwaomba wachezaji waonyeshe kilichomo ndani ya mashine zao. Ule unaonyesha kilichorundikana kwa miaka: kadi ya mwaka 2021 ina uzito sawa na iliyonunuliwa jana. Ndiyo maana mwaka 2025 juu kule ulikuta RTX 3060 na RTX 4060 za Nvidia, ya mezani na ya laptopu, wala siyo zile kubwa tunazozipigia kelele. (Hata wao waliwahi kuteleza. Mwaka 2018 Valve ilibidi warekebishe hesabu kwa sababu mashine za vibanda vya intaneti zilikuwa zinahesabiwa mara nyingi mno.)

Kwa hiyo ukiniuliza nani anashinda, nitakuuliza kwanza: kwa bei gani?

Juu kabisa hakuna mechi. RTX 5090 ya Nvidia ilitoka Januari 2025 kwa dola 1,999 na haina mpinzani, maana AMD kizazi hiki hawakuleta kadi ya kiwango hicho. Jack Huynh, kiongozi wa upande wa grafiki wa AMD, alishasema mwaka 2024 kwamba kipaumbele chake ni kupata wingi wa wateja, siyo kukalia kiti cha mfalme. Sawa. Ila kiti cha mfalme kinatangaza biashara: mtu anaona 5090 inaongoza kila jedwali, kisha anaenda kununua 5060 kwa imani ile ile.

Dola 550 hadi 750 ndipo AMD walipopiga kweli. RX 9070 XT yao, yenye memori ya GB 16, ilitoka kwa dola 599 Machi 2025, huku RTX 5070 ya dola 549 ikiwa na GB 12 tu. Ukitaka GB 16 kwa Nvidia kwenye daraja hili, ulipanda hadi 5070 Ti, dola 749. Kadi za AMD ziliisha madukani. Tatizo ni kwamba ile bei ya 599 nayo iliisha pamoja nazo, na waliochelewa wakalipa zaidi. Tena angalieni: robo iliyofuata, ambayo 9070 XT ilikuwa sokoni kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, mgao wa AMD ulishuka. Inakuwaje kadi inayogombaniwa madukani ishushe mgao?

Jibu liko hapa mezani. Hii ni RTX 5060 Ti, na hii pia ni RTX 5060 Ti. Jina moja, chipu moja, viini 4,608 kila moja, njia ya memori (upana wa barabara kati ya chipu na memori) biti 128 zote mbili. Hii ya kushoto ina GB 8, ilitangazwa kwa dola 379. Ya kulia ina GB 16, dola 429. Tofauti ni memori, basi. Kwenye ya GB 16 chipu za memori zimepangwa pande zote mbili za bodi, ndiyo maana zimeongezeka maradufu bila njia kupanuliwa.

Sasa tazama skrini. Gemu ile ile, ubora wa picha juu kabisa, kwenye skrini ya 1440p, yaani yenye nukta nyingi kuliko ile ya kawaida ya 1080p. Kulia unatembea vizuri. Kushoto nasimama mbele ya ukuta huu na matofali hayatokei, yamebaki ukungu. Naugeuza mwili, fremu zinakwama, zinarudi. Chipu ina nguvu ya kutosha, ila imekosa pa kuweka mzigo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ya GB 8 haina haja ya kujiuza. Inaingia kwenye kompyuta iliyokwisha kuunganishwa, na tangazo linasema "RTX 5060 Ti" halafu kimya. Mzazi anayemnunulia mtoto hajui kuna mbili. Wanaounda kompyuta kwa maelfu wanataka jina linalojulikana na mzigo unaofika kwa tarehe, na hapo AMD bado ni dhaifu. Asilimia 94 inajengwa huko, siyo kwenye rafu tunayoibishania sisi.

Na AMD msiwasifu mapema: RX 9060 XT nayo ina GB 8 na GB 16 chini ya jina lile lile. Mchezo ni ule ule.

Chini ya dola 250 ni jangwa. Mwaka 2016 ungepata RX 480 ya GB 8 kwa dola 239, na GTX 1050 Ti ilianzia dola 139. RTX 5050 ya mwaka 2025 ilitangazwa kwa dola 249, bado GB 8. Kwa nini Nvidia wahangaike na mnunuzi wa chini? Mwaka wa fedha wa 2025 waliingiza dola bilioni 130 na ushee, na gemu zilileta kama bilioni 11 tu. Intel walijaribu, Arc B580, GB 12, dola 249, kadi nzuri. Lakini ukiichomeka kwenye kompyuta yenye prosesa ya zamani inapungua kasi vibaya, na mwenye dola 249 ndiye huyo huyo mwenye prosesa ya zamani. Mgao wa Intel kwenye jedwali la Jon Peddie uko karibu na sifuri.

Basi, ya kununua. Kama unacheza tu, RX 9060 XT ya GB 16. Ilitangazwa kwa dola 349 na hiyo ndiyo chaguo langu. Ukifanya kazi za Blender (programu ya picha za 3D), au hutaki kuikosa DLSS (teknolojia ya Nvidia ya kuongeza fremu na ubora wa picha kwa akili bandia), ongeza hadi 5060 Ti ya GB 16. Ya GB 8, ya kampuni yoyote, iwe ya 1080p na iwe imeshushwa bei haswa. Na kama unanunua kompyuta nzima, muulize muuzaji kadi ina GB ngapi kabla hujalipa. Akijibu "ni 5060 Ti", rudia swali.