Kifurushi cha msiba, Mbeya mjini: turubai zuri, karatasi mbovu

Wakodishaji wa vifaa vya msiba wa Mwanjelwa na Uyole wanauza kifurushi cha siku tatu: maturubai mawili, viti 100, masufuria, taa, jenereta na vijana wa kufunga na kufungua. Kwa wafiwa, simu moja badala ya tano ni nafuu kubwa. Vifaa tunavipa nyota nne. Karatasi wanayokusainisha, mbili, na hapo tumewahurumia.

Tuanze na turubai. Novemba hadi Aprili mvua ya Mbeya haina adabu, na wa Tukuyu wanaijua zaidi. Turubai zima halivuji katikati. Maji hupita pale mawili yanapokutana. Dai kipande cha kufunga chini ya maungio kama mfereji, kiinamie upande mmoja. Paa likilegea hujaza maji tumboni, uzito unang'oa vigingi kwenye udongo uliolowa, na lote linawalalia waombolezaji. Kwa hiyo kamba zikazwe upya kila jioni, mtaro uchimbwe upande wa mwinuko. Juni na Julai adui ni baridi: usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na wanaolala msibani wanahitaji kuta za pembeni. Usipoziulizia, haziji.

Masufuria hayana neno, ila hesabu mifuniko.

Sasa karatasi. Kwa kawaida inamtoza mfiwa kila kiti kilichovunjika, lakini haina mstari hata mmoja wa mkodishaji atakayefika jeneza limeshatolewa ndani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Hasara ya mbali hailipwi. Kwa hiyo turubai la pili mlilokodi mbiombio linadaiwa, mkiwa na risiti yake. Aibu ya wageni kunyeshewa na uchungu wa mama aliyekaa kwenye matope, hivyo havina risiti. Mtabishana hadi arobaini. Mpange mapema, kwa tarakimu: kila saa ya kuchelewa, kiasi gani kikatwe kwenye salio. Advansi isizidi nusu, la sivyo hakuna salio la kukata.

Kuna mtego mmoja wa kiungwana. Mkodishaji aliyeharibu huja jioni na mfuko wa sukari, anatoa pole, anakaa kidogo na wazee. Pokeeni, ndiyo desturi. Akitoa karatasi iandikwe kwamba yameisha, mzee wa familia amwambie taratibu kuwa hayo yatazungumzwa baada ya kuanua tanga. Sukari ile karani aiandike kwenye daftari la rambirambi, chini ya michango ya majirani. Makato ya kuchelewa yaandikwe kwenye mkataba, kwa sahihi mbili, kabla vijana hawajapakia viti garini.