Arifa za Miswada Kutoka Baraza la Maaskofu wa Jimbo: Tathmini Baada ya Vikao Vitatu vya Bunge

Huduma ninayoitathmini hapa hailipiwi. Ukijiandikisha kwa jina, barua pepe na anwani ya makazi, ofisi ya utetezi ya baraza la maaskofu wa jimbo lako nchini Marekani inakutambulisha kwa seneta na mbunge wa eneo lako, kisha inakuarifu kila mara mswada unaogusa uhai, elimu au huduma za afya unapofikia hatua ambayo sauti ya mwananchi inaweza kuwa na uzito. Nimeitumia kwa vikao vitatu vya Bunge la jimbo ninaloishi, na kwa kuwa nina malalamiko kadhaa, jimbo lenyewe sitalitaja. Niseme pia kwamba neno “jimbo”, ambalo masikioni mwa Mkatoliki humaanisha kwanza eneo la askofu, katika tathmini hii ni moja ya majimbo 50 ya Marekani. Eneo la askofu nitaliita dayosisi.

Majimbo mengi yana ofisi ya aina hii. Maaskofu ndio wanaoamua msimamo, dayosisi ndizo zinazoichangia fedha, na kazi ya kila siku, yaani kusoma miswada, kuingia kamatini na kuzungumza na wabunge, hufanywa na kundi dogo la watumishi ambao wengi wao ni walei. Kisheria mkono wa ofisi unafika mahali na kukoma. Tangu mwaka 1954 mashirika ya hisani yenye msamaha wa kodi yamekatazwa kumuunga mkono au kumpinga mgombea yeyote, ingawa yanaruhusiwa kushawishi juu ya miswada mradi shughuli hiyo isiwe sehemu kubwa ya kazi yake. Ninalieleza hili kwa sababu waamini wawili wa parokia yetu walikataa kujiandikisha wakidhani wataletewa orodha ya watu wa kuwapigia kura. Kwa misimu yote mitatu sijaona jina la mgombea hata mmoja.

Sehemu bora kuliko zote ni ile isiyosomwa na wengi: ushahidi wa maandishi ambao ofisi huuwasilisha mbele ya kamati, na ambao kiungo chake huwekwa chini kabisa ya arifa. Nilianza kuusoma wakati wa mswada wa kumruhusu daktari kumwandikia mgonjwa mahututi dawa ya kujiua. Nilitarajia mahubiri, nikakuta uchambuzi wa sheria za majimbo mengine. Maandishi yalianza na Oregon, ambako wapiga kura waliikubali sheria ya namna hiyo mwaka 1994 na ikaanza kutumika mwaka 1997, yakaonyesha jinsi masharti yaliyonadiwa kuwa kinga yalivyolegezwa baadaye. California ilianza mwaka 2016 kwa kumtaka mgonjwa asubiri siku 15 kati ya ombi lake la kwanza la mdomo na la pili, na kuanzia mwaka 2022 muda huo ukapunguzwa hadi saa 48. Oregon yenyewe iliondoa mwaka 2023 sharti la mgonjwa kuwa mkazi wa jimbo hilo. Hoja ikawa kwamba mbunge asiupime mswada kwa kinga zilizoandikwa leo peke yake, bali pia kwa historia ya kinga kama hizo kwingineko. Mtu anaweza kuikataa hoja hiyo, lakini hawezi kusema kwamba inamtaka aamini kwanza ndipo aelewe.

Maandishi hayo hayo yalifafanua jambo ambalo hata Wakatoliki wengi hulichanganya. Kanisa halimdai mgonjwa akubali kila tiba iliyopo. Katekisimu, yaani kitabu rasmi cha mafundisho yake, katika ibara ya 2278 inakubali kusitishwa kwa matibabu yenye mzigo mkubwa au yasiyolingana na matokeo yanayotarajiwa, na ibara inayofuata inaisifu huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu kuwa namna ya pekee ya upendo. Kwa hiyo ofisi haikuishia kupinga. Iliunga mkono mswada mwingine wa kupanua tiba shufaa, yaani huduma hiyo ya kupunguza maumivu. Kasoro niliyoiona ni ndogo, lakini inakera. Arifa hutumia neno “kujiua” pekee, ilhali majina rasmi ya miswada ya aina hii kwa kawaida hayana neno hilo, bali huzungumzia chaguo la mwisho wa maisha au kifo cha heshima. Kanisa lina haki ya kuliita jambo kwa jina linaloliamini, ila msomaji anayetaka kuutafuta mswada wenyewe katika kumbukumbu za Bunge angesaidiwa sana na jina rasmi na namba yake katika aya ya kwanza. Mimi niliupata baada ya kuhangaika karibu nusu saa.

Kuhusu utoaji mimba, nadhani huduma bado haijatambua vya kutosha kwamba uwanja umehama. Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu ya Dobbs tarehe 24 Juni 2022 na kuyarudishia majimbo suala hilo, ilionekana kana kwamba kila kitu sasa kingeamuliwa na wabunge, na arifa zetu ziliongezeka maradufu. Wiki chache tu baadaye, tarehe 2 Agosti, wapiga kura wa Kansas waliyakataa, kwa takriban asilimia 59, marekebisho ya kuondoa haki ya kutoa mimba katika katiba yao, yaliyoungwa mkono na maaskofu wa jimbo hilo. Ohio ikafuata mwezi Novemba 2023 kwa kuingiza haki ya kutoa mimba katika katiba yake. Kitufe cha arifa kinachomtumia seneta ujumbe uliokwisha kuandikwa hakina kazi mahali ambapo mwamuzi ni jirani yako, na jirani hashawishiki kwa ujumbe wa mistari minne ulioandikwa na mtu mwingine. Kinachohitajika hapo ni maelezo ya kina ya kifungu kinachopigiwa kura, yaliyoandikwa kwa mtu asiye Mkatoliki, na hicho sijawahi kukipokea.

Katika elimu ofisi hii iko nyumbani kwake, na inajua hivyo. Kila arifa kuhusu ruzuku ya ada kwa wanafunzi wa shule binafsi hukumbusha kesi ya Pierce ya mwaka 1925, ambapo Mahakama Kuu iliibatilisha sheria ya Oregon iliyotaka watoto karibu wote wasome shule za umma, na ile ya Espinoza ya mwaka 2020, iliyoamua kwamba jimbo likishaanza kusaidia shule binafsi haliwezi kuzitenga nyingine kwa sababu tu ni za dini. Historia hiyo inaelezwa vizuri. Kisichoelezwa ni upande wa pili wa hesabu. Nebraska ilipitisha mwaka 2023 nafuu ya kodi kwa wanaochangia ufadhili wa masomo, mwaka uliofuata Bunge likaibadilisha kuwa fungu la moja kwa moja la ufadhili, na Novemba 2024 wapiga kura wakalifuta. Huko kuna wazazi wengi wa vijijini wasio na shule binafsi karibu, na swali lao, kwamba fedha hizi zinamfaa nani, si la chuki dhidi ya Kanisa. Arifa inayolikwepa swali hilo inamwacha msomaji mikono mitupu siku atakapoulizwa kazini.

Huduma za afya ndipo nilipovunjika moyo zaidi, na nitatoa mfano mmoja. Tangu Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2012 kwamba upanuzi wa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, ni hiari ya kila jimbo, mambo mengi yanayowahusu maskini huamuliwa katika kamati za bajeti za majimbo. Tangu mwaka 2022 majimbo yamepata pia njia nyepesi ya kuurefusha muda wa bima hiyo kwa mama aliyejifungua kutoka siku 60 hadi miezi 12. Ni vigumu kupata mswada unaounganisha vizuri zaidi uhai na afya, na ofisi yetu iliuunga mkono bila kigugumizi. Lakini arifa ya kikao cha kuusikiliza ilinifikia saa mbili usiku, wakati muda wa kujiandikisha kutoa maoni ulikuwa umefungwa adhuhuri ya siku ile ile. Muuguzi wa parokia yetu aliyekuwa tayari kueleza anachokiona katika wiki ya tisa na ya kumi baada ya uzazi alibaki nyumbani. Miswada ya utoaji mimba, kwa kulinganisha, hutangazwa siku nne au tano kabla. Sidhani kuna nia mbaya. Nadhani kuna watumishi wachache na mazoea ya muda mrefu. Hata hivyo msomaji hujifunza kipaumbele cha ofisi kwa kuangalia ratiba yake.

Nasema hivyo kwa sababu thamani ya ofisi hizi iko katika mchanganyiko wa misimamo usiolingana na chama chochote. Mwaka 2015 maaskofu wa Nebraska walikuwa upande wa wabunge walioifuta adhabu ya kifo kwa kura 30 dhidi ya 19, wakiishinda kura ya turufu ya gavana Pete Ricketts, ambaye mwenyewe ni Mkatoliki. Wapiga kura waliirejesha adhabu hiyo mwaka uliofuata. Mwaka 2018 Papa Fransisko aliirekebisha ibara ya 2267 ya Katekisimu ili iseme kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, na tangu hapo arifa zetu kuhusu suala hilo zimekuwa na uwazi ambao zamani haukuwapo.

Yamebaki mambo mawili ya kiutendaji. Ujumbe uliokwisha kuandikwa, ambao unatakiwa uubonyeze tu uende, ni rahisi mno kuwa na faida. Ofisi za wabunge huzihesabu barua zinazofanana lakini husoma zile zenye maneno ya mtu. Kisanduku cha kubadilisha maandishi kipo, ila kimefichwa nyuma ya ukurasa wa pili. La pili ni lugha. Arifa hutolewa kwa Kiingereza na Kihispania. Misa ya Kiswahili parokiani kwetu hujaa Wakongo ambao wengi wao hutibiwa kwa Medicaid, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa lugha yao kwamba kamati fulani ingeketi Jumanne kuamua juu ya bima yao. Mimi na katekista tumeanza kutafsiri muhtasari wa aya mbili na kuusoma baada ya matangazo.

Kwa nyota tano, ningeupa ushahidi wa maandishi tano, arifa zenyewe mbili na nusu, na mpangilio wa tovuti tatu. Sijajiondoa. Nimezima arifa za simu, nimejiandikisha moja kwa moja kwenye ratiba ya kamati za Bunge, ambayo hutangazwa mapema zaidi, na tarehe ya kikao ikishawekwa ndipo ninapokwenda kwenye tovuti ya maaskofu kutafuta walichoandika.