Nimeishi Nakuru na Kisumu: maji, mbu na cherehani

Mdogo wangu ameambiwa achague kituo cha kazi, Nakuru au Kisumu, na kila akinipigia simu anauliza kodi. Kodi ni jambo la sentensi moja: nyumba ya chumba kimoja cha kulala niliyokuwa nayo Langa Langa, Nakuru, na hii niliyo nayo sasa Migosi, Kisumu, hazipishani sana. Yaliyonigharimu ni mengine kabisa, na kwa kuwa ana mtoto wa miaka miwili, nimeona niyaandike yote.

Nakuru nilikaa kuanzia 2014 hadi Januari 2021, nikifuma masweta ya shule. Mume wangu akahamishwa, tukaja Kisumu, na mpaka leo nina kibanda cha kushona katika soko la Kibuye. Nakuru ilipotangazwa jiji Desemba 2021 nilikuwa nimeshaondoka.

Nianze na maji ya Nakuru, maana hapo ndipo ninapoumia. Ploti yetu ilikuwa na kisima kirefu cha mashine. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu, hayakatiki hata Februari vumbi likitanda mji mzima. Niliyachemsha, nikayapoza, nikampa mwanangu. Tulihamia pale akiwa na miaka miwili. Mwaka 2019 meno yake ya mbele ya ukubwani yalipoota, yalitoka na mistari ya kahawia. Nilidhani ni uchafu, nikamsugua kwa mswaki mpaka fizi zikatoa damu.

Daktari wa meno ndiye aliyenieleza kuwa ni floraidi. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa huiachia kwenye maji ya chini ya ardhi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake ya kudumu bado yanajengeka ndani ya ufizi, doa linajengeka nayo. Halisuguliki. Kuchemsha nako hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki ileile. Miaka mitano nilisimama jikoni nikichemsha maji nikiamini namlinda. Wapo waliojua. Mama mmoja wa ploti ya pili alikuwa akikinga maji ya mvua ya kunywa, nami nilidhani anabana pesa. Wengine walitumia vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama vile vilivyokuwa vikitengenezwa na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru. Mimi sikuuliza, kwa sababu maji yalipendeza machoni. Kijana wangu sasa ni mkubwa, na akicheka bado anaziba mdomo kwa kiganja.

Basi tukaja Kisumu nikiwa na furaha ya maji ya ziwa. Sikufikiria mbu.

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Ukishuka na matatu kutoka Kericho, jaketi utalivua kabla ya kufika Ahero. Mtoto aliyekulia kwenye baridi, mwili wake haujawahi kupambana na malaria, na ikimpata inamwangusha vibaya. Mwezi wa tano tu tangu tufike, mwanangu alianza kutapika Jumapili jioni; nikasema ni chakula. Jumatatu usiku hakuweza kusimama. Alilazwa siku tatu. Neti tulikuwa nayo, lakini ilikuwa kwenye kitanda chetu sisi wazazi, naye alilala bila neti kwa sababu alilalamika joto. Sasa kila kitanda kina neti, na homa yoyote kwangu ni kupimwa siku hiyohiyo. Binti yetu mdogo, aliyezaliwa hapa, alipata chanjo ya malaria kliniki, ile iliyoanza kutolewa katika kaunti za magharibi 2019. Ni dozi nne, ya kwanza mtoto akiwa na miezi sita. Nilizifuatilia zote kama anayesubiri mshahara.

Biashara nayo inafuata hewa. Nakuru mashine yangu ya kufuma haikulala kuanzia Novemba hadi Januari. Wateja walitoka Molo, Njoro, Elburgon, mahali ambapo mtoto bila sweta ni mgonjwa. Nilipofika Kisumu na mashine ileile nilikaa mwezi mzima nikipata oda sita. Ikabidi nijifunze vitenge upya, chini ya mama mmoja pale Kibuye ambaye hakunidai hata shilingi.

Hapa pesa iko kwenye sare za harusi na mazishi. Familia inakuja Jumatatu, watu kumi na wanane, kitambaa kimoja, wanataka Alhamisi kwa sababu mwili unatoka mochari Ijumaa na mazishi ni Jumamosi. Unashona usiku, mvua ya jioni imeshuka kutoka milima ya Nandi, na stima imekatika. Ndiyo sababu sijaiuza cherehani ya kukanyaga. Mwaka 2023, wakati wa maandamano ya upinzani ya kila Jumatatu na Alhamisi, tulifunga siku zilezile za kupokea oda na kukabidhi nguo. Sijasahau hasara ile. Pia siku kubwa ya Kibuye ni Jumapili. Kwa mtu wa kanisa kama mimi, imebidi niende ibada ya asubuhi sana.

Chakula sitasema mengi. Viazi, maziwa na kabichi za Nakuru nimezikosa. Ngege, yaani sato, mbichi aliyepikwa mchuzi, na osuga (mboga ya mnavu) pembeni, sikuwahi kula Nakuru akiwa na ladha hii.

Kuhusu watu: Nakuru kila mtu ametoka mahali, kwa hiyo Kiswahili kinakutosha kuanzia sokoni hadi kanisani, na hakuna anayejali wewe ni wa wapi hadi msimu wa kura. Pia hakuna anayekuja kukuona ukiugua, au kwangu hawakuja. Kisumu, mwaka wa kwanza nilikuwa mgeni; mazungumzo yote sokoni ni Dholuo, na mimi ni Mluhya wa Vihiga. Lakini mwanangu alipolazwa, wanawake wa Kibuye, ambao hata majina yao sikuwa nimeyashika, walileta uji kwa zamu siku zote tatu. Nilijifunza kusema erokamano, yaani asante, siku hiyo, na tangu hapo lugha ikaanza kuniingia.

Mdogo wangu, ningekuwa wewe ningekuja Kisumu. Malaria ni adui ninayemjua: ana neti yake, ana kipimo chake, ana dawa yake, na akishaondoka mtoto anarudi kucheza. Nakuru ina usingizi mzuri na pesa ya haraka, nami nimeipenda kweli. Ukiichagua sitakuzuia. Ila usimuulize mwenye nyumba kodi kwanza. Muulize maji ya bombani kwake yanatoka wapi, kisha toka nje uangalie paa kama lina mfereji wa mvua na tangi.